Mjumbe Asiye Mwanasayansi

Waliniandikia barua: tunahitaji mtu mmoja
asiyejua sayansi.
Nikacheka. Kangemi nzima, mkaniona mimi?
Lakini nauli walilipa, na chai ilikuwa ya maziwa,
basi kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi nafunga duka
napanda Kabete, kwenye chumba chenye baridi ya Julai hata Januari,
nakaa kati ya maprofesa sita na wakili,
mbele yangu kibao cha karatasi:
BI. SYOMBUA KIMANZI. RAIA.

Leo ni panya.
Mia moja na ishirini, weupe, majike,
gramu kumi na nane hadi ishirini kila mmoja,
uzito wa bizari ninayofunga ya shilingi kumi.
Fomu ina kurasa kumi na saba.
Daktari Chelagat anaeleza bila kupepesa:
sumu ya kifutu, kisha dawa, kisha kuhesabu
waliokufa na waliobaki.
Wanatafuta kipimo kinachoua nusu.

Nusu.
Mimi nusu naijua ya mkate.

Sikuwaambia habari za Mbithi.
Mwingi, mwaka wa ukame, nyuma ya zizi,
mguu ukavimba ukawa kama mtungi.
Zahanati ilikuwa na friji. Friji ilikuwa na barafu.
Dawa iliyokuwapo ilipikwa kwa nyoka wa ng'ambo,
nyoka wasiowahi kuona Mkamba.
Alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Alichukua siku mbili.
Hakuna aliyejaza fomu.

Kwa hiyo msidhani nilikuja kuwatetea panya.
Juzi tu nimenunua mtego wa chuma,
wamenitoboa gunia la maharagwe,
na panya wa Kangemi hawana kamati.

Hata hivyo niliinua mkono.
"Akishaanza kutetemeka, mnangoja nini?"
Daktari akatazama karatasi.
"Saa ishirini na nne. Ndivyo utaratibu ulivyo."
"Na hakuna ajuaye mapema nani hatapona?"
Wakili akakoroga chai yake isiyo na sukari.
Ndipo Otwoma, anayebadilisha maranda vizimbani,
aliyeitwa kujibu swali moja tu la chakula,
akasema akiwa bado mlangoni:
"Mimi najua. Manyoya yanasimama.
Anawaacha wenzake, anakwenda pembeni,
anafumba macho nusu.
Akifika hapo harudi. Ni masaa manne tu."

Nikatoa kwa vidole, kama natoa chenji:
ishirini na nne, ondoa nne.
Masaa ishirini, mara panya sitini.
Masaa elfu moja na mia mbili ya kufa
ambayo jibu lake limeshajulikana.

Profesa mmoja akavua miwani.
Wakaandika upya: wakaguliwe kila saa, usiku pia;
anayekwenda pembeni alazwe, asingojwe.
Na mia na ishirini wakawa themanini,
maana wakili aliuliza kwa nini si themanini
na hakuna aliyekuwa na jibu.

Tukapiga kura. Nilisema ndiyo.
Iandikwe hivyo hivyo: alisema ndiyo.
Mbithi angekuwa na miaka arobaini na mitatu,
labda na kitambi.

Ukurasa wa mwisho wameniachia mistari mitatu.
Maoni ya mjumbe asiye mwanasayansi.
Miezi yote huandika: Sina.
Leo nikaandika:
Otwoma asiwe peke yake siku hiyo.

Usiku mtego ulilia dukani.
Nikamulika kwa simu, kati ya sabuni na viberiti.
Ulikuwa umemshika mguu, haukushika shingo.
Manyoya yamesimama. Macho nusu.
Siku nyingine ningerudi kulala,
asubuhi nikatupe kilichobaki.

Nikapapasa kaunta nikatafuta jiwe la mizani,
lile la kilo moja.
Sikungoja.