Muhuri wa Vijiji Vitano

Vijiji vitano vilikuwa na karani mmoja,
mashine moja ya kukata nyasi za tuta la bahari,
na ugomvi mmoja usiokwisha:
nani aanze kuichukua mashine ikifika Juni.

Osterwarf walisema, sisi ndio wengi.
Klinthamm wakasema, maji yakija
yataanza kubisha kwetu.
Wale wa Lüttjediek, watu tisini na kondoo elfu,
walinyamaza, kisha wakaifuata usiku.
Najua. Dereva nilikuwa mimi.

Gesche Uphoff aliyaandika yote,
miaka ishirini na sita, wino wa buluu,
chai nzito na bonge la sukari likialika kikombeni.
Waliozaliwa, waliooana, waliokufa, kodi ya mbwa.

Halafu mji mkubwa ukasema umoja ni nguvu,
ukauvunja umoja wetu kwa jina la umoja.
Walikuja wawili na mafaili, wakanywa chai yetu,
wakahesabu viti.
Kibao kiling'oka kwa bisibisi;
ukutani pakabaki mstatili mweupe.

Mashine? Ilipigwa mnada. Hakuna aliyeitaka:
hapakuwa tena na wa kugombana naye.

Na muhuri? Gesche alisema umepotea.
Naijua sauti yake akidanganya,
huzidi adabu.

Novemba, mvua ya ubavuni, Harm Eilers alikuja
akabisha mlango ambao sasa ni wa kinyozi wa mbwa.
Mkewe alikuwa amekata roho alfajiri.
"Tulioana hapa," alisema. "Hapa ndipo pa kuja kusema."
Msichana mwenye mkasi hakuwa na jibu,
akamvusha barabara, mpaka kwa Gesche.

Gesche alimketisha. Hakumtajia mji,
wala kilomita thelathini na moja, wala foleni.
Alitoa karatasi, akaandika jina la Antke, lote,
hata lile la kwao ambalo hakuna aliyelitumia,
akauhemea muhuri kama mtu afutaye miwani,
akagonga.

Wino ulikuwa umekauka nusu.
Vijiji vitatu vilisomeka;
viwili ilibidi uwe unavijua.

Harm aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani,
akaondoka wima, mvua na yeye.

Kesho yake Gesche alipanda basi la saa moja kasoro robo,
amebeba cheti cha daktari kwenye kikapu cha mayai.
Akachukua namba themanini na nne,
akakaa na koti lake,
akangoja kuitwa.