Mabomba Mawili, Shimo Moja

Mvua ya Kyimo haijui kupiga hodi.
Mwezi wa tatu baba mkwe aliteleza njia ya chooni,
kule nyuma ya migomba, hatua arobaini na mbili
(nilizihesabu baadaye, kwa hasira),
nyonga ikalia kama ukuni mkavu.

Miaka kumi na saba mimi na yeye hatujatazamana.
Ndivyo alivyolelewa, ndivyo nilivyokubali:
nikisikia kikohozi chake nakata kwenye kahawa,
akiona khanga yangu anageukia ukuta.
Salamu zetu huzibeba Lusajo, mwanangu,
kama chumvi ya kuazima.

Nikatoa pesa za parachichi, misimu miwili.
Fundi Ambilikile akaja na sururu, na kamba,
na mpira mwembamba wa kupimia levo.
Akachimba kishimo cha kufika goti,
akamimina ndoo mbili. Mama, shika saa.

Nikashika saa.
Udongo wa mlima huu, uliokuwa moto
kabla hajatokea mtu wa kuota,
ukavuta, ukanyamaza, ukavuta tena.

Dirishani: "Lusajo, muulize mama yako, yamezama?"
"Mwambie yanazama."
"Kwa kasi gani?"
"Mwambie vidole viwili kila dakika kumi."
"Mwambie basi huo ni udongo."
Hatujawahi kuongea kirefu namna ile.

Kisha likaja la choo chenyewe.
Hawezi, alisema kwa kinywa cha mtoto,
kukaa palipokaa mkwewe.
Fundi akashika kiuno. Vyoo viwili, mzee?
Viwili. Na shimo?
Kimya. Mvua ikapita batini, ikarudi.
Shimo, alisema, ni la ardhi. Ardhi haina mkwe.

Tulichimba siku tisa.
Matofali ya kuchoma mia saba, ukuta wa kati:
mazito yabaki huku, mepesi yavuke.
Mtaro wa kunyonyea ulielekea bondeni
mpaka mama Tumpe akasimama juu ya kamba,
hakugomba, alionyesha tu kwa kidevu
chemchemi yake, na ndoo tatu zikikinga.
Tukaugeuza upande wa chai.
Mabomba sita zaidi, kokoto tripu nzima.
Nilinung'unika. Nililipa.

Mabomba ya mtaroni yana matundu kama filimbi,
yamelala juu ya kokoto, yameinama kidogo
kiasi ambacho jicho halioni, maji yanaona.
Usipande mti hapa, fundi alisema. Mizizi ina uroho.
Nikapanda majani ya ng'ombe.

Siku ya kujaribu nilichungulia chemba kabla ya mfuniko:
bomba lake kulia, langu kushoto.
Ndoo huku, ndoo kule.
Maji yakatoka kwa pamoja, yakakutana,
hayakugeukia ukuta.
Nilicheka mpaka fundi akadhani nimeona kosa.

Usiku ule baridi ilishuka kutoka Rungwe.
Lusajo amelala. Nikasikia fimbo,
hatua sita tu, mlango,
kisha ule mporomoko mrefu ndani ya ukuta,
ukipita chini ya kitanda changu kwenda zake.

"Ndaga," alisema.
Huenda aliuambia ukuta.
"Ndaga," nami nikaujibu.

Asubuhi Lusajo akaniletea salamu zake,
kama kawaida.