Hesabu ya Farasi

Walikutana darasani, kwa kuwa benki haikuwa na kuni.
Ni Mei, na theluji bado imeng'ang'ania kivuli cha kanisa.
Madawati yalikuwa ya watoto wa miaka saba:
Kapteni Dörfler alikaa magoti yakikaribia kidevu,
na Eilert Moen, karani wa kiwanda cha maziwa
kabla ya kuingia msituni,
alikataa kukaa kabisa.

Katikati yao Gudny Aspelund, mwanamke wa simu,
ambaye Kijerumani alikiokota jikoni mwa watu, huko Lübeck,
akikwangua magamba ya samaki wa tajiri.
Miaka mitano Brattvik nzima ilimwita ndumilakuwili
kwa kuunganisha simu za maadui.
Leo walimtumia baiskeli.

Lugha ninayoandikia husema mtu amesalimu amri,
kana kwamba amri ni mgeni aliyebisha hodi
na mwenyeji, kwa adabu, kasema karibu.
Mle darasani hamkuwa na hodi wala karibu.
Mlikuwa na karatasi, wino uliozidishiwa maji,
na ramani ukutani ambayo mipaka yake ilishakuwa uongo.

Walianza na farasi.
Mia moja na kumi na mmoja, alisema kapteni,
na sauti yake ikalegea kama ya baba.
Huyu ana jeraha begani, yule hali shayiri iliyolowa,
wasichinjwe, tafadhali, hawakumkosea mtu.
Gudny akatafsiri mpaka ile tafadhali.
Moen akaandika: farasi, 111, wasichinjwe.

Kisha mabomu ya ardhini: kumi na mawili,
shamba la viazi la mjane Haldis,
kila moja na nukta yake nyekundu.
Kisha bunduki. Kisha mafuta. Kisha nani ateremshe bendera,
na saa ngapi, na je, kwa tarumbeta?
Bila tarumbeta, alisema Moen.
Dakika arobaini ziliishia kwenye tarumbeta.

Ndipo kapteni akasoma, haraka, bila kuinua uso:
wafanyakazi, mia mbili na wanne.

Gudny aliwajua wafanyakazi hao.
Majira mawili ya baridi alipita kando ya seng'enge
na kichwa cha samaki mkavu ndani ya soksi,
akirusha bila kutazama kimedakwa na nani.
Siku moja ng'ambo ile ikamrudishia ndege
wa kuchonga, mbao ya sanduku la risasi,
mabawa membamba kama ganda la kitunguu.
Wiki iliyofuata alirusha, na soksi ikalala thelujini.

"Wafungwa," akatafsiri.

Kapteni, miaka mitano nchini, alilijua neno hilo.
"Sivyo nilivyosema."
"Ndivyo ilivyo," alijibu, mara mbili,
kwa lugha yake, kisha kwa lugha ya yule,
ili kila mmoja apate fungu lake.

Chaki iliviringika mahali, au alikuwa panya.
Moen akaandika: wafungwa, 204.
Kisha, kalamu ikiwa bado juu ya ile nne:
"Muulize walikuja wangapi."

Akamuuliza.
Kapteni akaomba maji.
Akaletewa kwenye kikombe cha bati chenye jina la mtoto.
Akanywa yote, polepole, akakigeuza kikombe
kana kwamba jibu limeandikwa chini yake.
Kwenye daftari, mbele ya neno "walikuja",
pamebaki weupe wa upana wa vidole vitatu.

Saa kumi na robo walitia sahihi.
Jioni farasi walihesabiwa tena, wakatimia.
Juni, ng'ombe wa Haldis alilikuta bomu la kumi na tatu.
Gudny alirudi kwenye nyaya zake,
akichomeka hapa, akichomoa pale,
"Subiri kidogo, nakuunganisha,"
na hakuna aliyemwomba tena aseme lolote.

Mji mzima, hadi watoto,
wanaijua hesabu ya farasi.