Vidole Vitatu

Kwenye ramani ya ukutani, jengo la zamani la uwanja,
Mwanakhamisi anapima:
Mafia hadi Pemba, vidole vitatu.

Asubuhi Kilindoni walimpandisha mizanini,
yeye na kikapu chake,
akaruka dakika thelathini na tano.
Kisha Dar es Salaam: saa sita za benchi,
feni linazunguka, haliendi popote.

Simu. Somoe, kutoka Chake:
"Mama tushamkosha. Twamzika baada ya alasiri."

Dirishani kijana hainui macho.
"Ndege saa tisa na nusu, mama."

Nje, kunguru wanaondoka bila tiketi.

Anarudi ramanini, anapima tena.
Vitatu vilevile.
Cha kati kimeufunika mji huu wote.