Kumtafutia Mutheu Mwalimu

Wa kwanza alinipokea kwa vyeti.
Ngara, ghorofa ya tatu, ukuta mzima,
mihuri, fremu za dhahabu, picha yake na balozi.
Akacheza yeye, dakika arubaini.
Mutheu alikaa, fidla mapajani,
kama mgeni aliyeshika sahani tupu hadi karamu ikaisha.
Nikalipa. Hatukurudi.

Wa pili alikuwa na rula.
Sisemi zaidi.

Nikauza mitumba wiki nne bila kutafuta mwingine,
nikijiambia mtoto atasahau.
Usiku namkuta jikoni gizani,
mwiko mkononi, anaupitisha hewani,
taratibu, juu ya uzi usiokuwapo.

Ndipo fundi wa magitaa, Barabara ya River,
akanitajia Nyaboke wa Shauri Moyo:
"Jina hana. Sikio analo."

Chumba chake kina viti viwili na ndoo
ya kudaka maji ya paa. Siku ya kwanza
hakutaka kasha lifunguliwe.
"Ndoo inaimba sauti gani?"
Mutheu akaimba. Tone likamjibu.
"Na wale?" Nje, mafundi wa Kamukunji wakigonga mabati.
"Wako wanne. Mmoja anachelewa."
Nyaboke akacheka hadi akashika kiuno.

Mtoto akikosea, hamkatizi.
Humwacha afike mwisho wa mstari,
kisha, polepole: "Umesikia palipouma?"
Na kidole cha Mutheu huenda palepale.

Siku moja mtoto akamuuliza
kwa nini uzi mmoja ukilia
wa jirani hutetemeka bila kuguswa.
Nyaboke akakuna kichwa.
"Sijui vizuri. Nipe hadi Alhamisi."
Mwalimu, na hajui! Nikaukumbatia mkoba wangu.
Alhamisi jibu lilikuja,
limechorwa kwa penseli
kwenye karatasi ya mandazi, mafuta na yote.

Jumamosi natoka Gikomba, robota mgongoni,
nikamwona Barabara ya Landhies, kasha begani.
"Unakwenda kwa mwanafunzi?"
Akaona haya, kama aliyefumaniwa.
"Nakwenda kwa mwalimu wangu.
Bado ananisahihisha kiwiko."

Niliteremsha robota, nikasimama.
Akasubiri malori yapite,
na mkono wake wa kulia, bila yeye kujua,
ukawa unapita hewani,
taratibu, juu ya uzi usiokuwapo.