Kisima cha Lanet

Baba alikichimba mwaka aliostaafu reli,
pensheni yote ikashuka na bomba ardhini.
Siku maji yalipopanda alinawa uso mara tatu,
akawaita majirani waje na madebe.
Wiki ya kwanza bure. Baadaye shilingi tano.

Sisi watoto tulijifunza kucheka midomo imefungwa.
Ipo picha ya darasa la saba:
safu tatu za midomo iliyobanwa,
na Nyagaki, aliyehamia kutoka Limuru,
meno yote nje, kama mtu asiyejua kwamba pana msiba.
Yetu yalikuwa na rangi ya chai iliyosahaulika jikoni.
Tuliyasugua kwa jivu, kwa chumvi, kwa ndimu.
Mwalimu alisema ni uchafu.

Mama alichemsha.
Kwa kuni, kisha kwa makaa, kisha kwa gesi,
yatokote, yatokote tena,
sufuria ipungue mpaka nusu ndipo aridhike:
"Sasa wadudu wamekufa."
Na walikufa kweli.

Juzi nilipeleka chupa maabara, mjini Nakuru.
Cheruto, koti jeupe lenye doa la wino mfukoni,
akanisukumia karatasi.
Floridi: sita nukta nane.
Kikomo: moja nukta tano.
Nikasema, lakini sisi huchemsha.
Akaweka kalamu chini.
"Mvuke huenda zake, dada. Floridi hubaki sufuriani.
Ukichemsha unaikoleza."

Unaikoleza.
Miaka ishirini mama alisimama juu ya ule moshi
macho yakimtoka machozi, akitukolezea.
Sijamwambia. Kaburi lake liko hatua kumi kutoka kwenye pampu.

Sasa jikoni kuna ndoo mbili zilizobebana.
Ya juu imejaa mifupa ya ng'ombe, imechomwa ikawa meusi,
chenga chenga, inalia kama changarawe ukiitikisa.
Maji hupita humo polepole,
mifupa ile inywe kwanza, yetu isibakiwe na kitu.

Baba hayataki. Eti hayana ladha.
Goti lake halikunjiki tena;
huketi kando ya pampu, mguu umenyooka mbele yake
kama ubao uliosahauliwa na fundi.
"Maji haya ndiyo yamekusomesha," husema.
Ni kweli. Karo yangu ilitoka debe kwa debe,
na kila nikikutana na wanawe Mama Kirigo njiani
hutazama midomo yao kabla ya kuwaamkia.

Jana usiku Wakiuru aling'oka jino la mbele.
Akalirusha juu ya paa, akaomba jipya.
Leo nimemwangazia kwa tochi ya simu:
ncha ndogo, kama punje ya mchele ndani ya ufizi.
Upande mmoja ni nyeupe.
Upande wa pili sijui, pengine ni kivuli cha kidole changu.
"Mama, funga hiyo taa," anasema.
"Nina kiu."