Sentimita Mbili

Nimelishusha gari langu hata paka wa jirani
hawezi tena kulala chini yake.
Alikuja jioni ile, akainama, akanusa bampa,
akanitazama kama mpangaji aliyepandishiwa kodi,
kisha akaenda zake uvunguni mwa gari la posta.

Aliye juu mngoje chini, walisema.
Basi sisi tumetangulia.
Tunangoja.

Jumapili usiku, nyuma ya duka la samani lililofilisika,
hapa Milton Keynes, mji uliochorwa kwa rula
kisha mtu akaumwagia sarafu, kila sarafu mzunguko,
huja Tomasz na lake la bluu,
ekzosi kaichomelea mwenyewe, pana kama mdomo wa mtungi.
Huja Kirpal, asiyesema na mtu mpaka injini ipoe.
Huja Bi Lorna, mwalimu wa hesabu, miaka hamsini na tisa,
gari jeupe, milango minne, pole kama karani,
na chini ya boneti turbo kubwa
kuliko kichwa cha mwanafunzi wake yeyote.

Hatushindani. Watu hawaamini.
Tunafungua maboneti, tunakunja mikono
kama wakwe wanaohesabu mahari.
Mtu hupiga goti kwenye lami yenye mvua,
hupitisha vidole viwili kati ya tairi na madigadi.
Vikikwama, hutikisa kichwa:
hapo.
Tunajadili mlalo wa gurudumu, digrii mbili au tatu,
kwa sauti ile watu wanayoitumia msibani.

Zuwena, mke wangu, aliiona risiti.
Springi fupi, shokapu nne, paundi mia tisa.
“Umelipa ili lipungue?”
Nikamwambia halikupungua, limetulia.
Likiingia kona sasa
ni mkasi kwenye kanga mpya.

Na kweli. Saa tisa za usiku, nikitoka zamu ghalani
ninakofunga viatu vya watu nisiowajua,
mizunguko kumi na moja mpaka nyumbani,
gia ya tatu, mguu mwepesi,
turbo inavuta pumzi kama mtu mwenye jambo la kusema
halafu haisemi.
Kutwa mimi ni mkono wa mtu mwingine.
Dakika hizo kumi na nne, mkono ni wangu.

Matuta ya mtaani nimeyapa majina.
La mbele ya shule ni Hakimu.
La kwa daktari wa meno ni Ami,
kwa kuwa hukupokea kwa upole kabla hajakudai.
Yote nayapanda kwa ubavu, mwendo wa kaa,
na walio nyuma yangu wanapiga honi.

Februari baba mkwe akatoka hospitali,
Mzee Faki, karani wa forodha mstaafu, goti jipya la chuma.
Gari lilikuwa hili tu.
Kuingia hakuingia, alianguka kwa adabu.
Njia nzima kimya, mkono kwenye kishikio.
Kwa Hakimu tumbo la gari likakwaruza, kraaa,
naye akafumba macho kama aliyekwaruzwa ni yeye.
Kumtoa ilibidi tuwe watatu, na jirani akiwa na soksi tu.
Akasimama njiani, akajinyoosha suruali.
“Mimi wamenitia chuma ninyanyuke.
Wewe umelipa chuma ulale.”
Akaomba chai.

Jumamosi nikapiga jeki kwenye mvua.
Kwa spana ya ndoano nikazungusha pete za shokapu,
nusu zamu, nusu zamu, huku nikizitukana,
sentimita mbili kila gurudumu.

Jumapili Tomasz akapiga goti.
Vidole viwili vikapita. Akaongeza cha tatu.
Akaniangalia kwa huzuni ya kweli.
Kirpal akageukia ukutani.
Bi Lorna akatazama lile pengo, akapiga hesabu zake,
akauliza taratibu:
“Goti la nani?”

Paka bado hapiti.
Yeye anataka nne.